Saa ya Mama Mkwe

Nilioa binti wa watu wa Tseikuru, kule Kitui, na kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kumtazama mama yake usoni. Hatukuwa tumegombana. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wana nthoni, yaani ile haya na heshima inayowafanya wasishikane mikono, wasile pamoja, wala wasikae wakitazamana. Siku hizi wengi wameiacha. Kuna wenzangu hapa Emali wanaowakumbatia mama wakwe zao mpaka leso zinawaanguka. Mama mkwe wangu hakuwa wa kukumbatiwa. Akija kutuona, mimi nilikwenda kula dukani kwangu, yeye alikula jikoni na binti yake, na mchana ukipoa alipanda gari kwenda kulala kwa dada yake huko Kambu.

Hata salamu hazikutufikia moja kwa moja. Tungesimama uani, hatua nne kati yetu, mimi nikitazama mti wa mpapai na yeye akitazama tangi la maji, na angemwambia mke wangu, "Muulize kama ameamka vizuri." Mke wangu angenigeukia na kusema nimeulizwa kama nimeamka vizuri. Ningejibu kwamba nimeamka vizuri sana, asante, naye angegeuka tena kulipeleka jibu. Mke wangu alikuwa amechoka. Hamu yake ilikuwa moja tu, kumwona mama yake akikaa kwenye meza yetu, kwenye kiti, akila pamoja nasi kama watu. Alimwomba kila mwaka. Hata mchungaji alimwambia hakuna ubaya, na mama akamjibu mchungaji kwamba heshima haijawahi kumzuia mtu kuingia mbinguni. Mchungaji hakurudia.

Sasa niwaambie habari ya chess. Mimi nauza dawa za mifugo, na mwenye kazi hiyo anajifunza upole. Unasoma karatasi ya chupa mara mbili, unamuuliza mtu ng'ombe wake ana uzito gani, unapima, unapima tena. Nilicheza chess hivyo hivyo. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja kushusha mizigo walikaa kwenye benchi langu, tukaweka ubao juu ya gunia la chakula cha kuku, nikawafunga mmoja mmoja. Nilijiona bingwa. Mtu akiniuliza nani anajua chess katika mji huu, nilikuwa nakohoa kidogo kisha nakaa kimya, ili ajibiwe na wengine.

Basi siku moja mke wangu akaniambia mama yake naye anacheza, kwenye simu, michezo ya dakika tatu. Nikacheka. Mama huyo alikuwa amenunua na kuuza mbuzi maisha yake yote. Kumbe hapo Tseikuru, kando ya soko la mifugo, kuna mwenye duka mmoja Muislamu, watu wake wanatoka upande wa Garissa, na siku ambazo soko limelala walikuwa wakicheza kwenye kaunta yake. Yule bwana alipochoka kufungwa alimwekea mchezo ule kwenye simu, akacheze na dunia amwache apumzike.

Mke wangu alimpa kila mmoja wetu jina la mwenzake la mtandaoni, akafurahi kwamba hiyo ndiyo njia. Kwenye simu hakuna uso wala mkono. Kuna ubao tu, na saa mbili zinazokimbia, yako na ya mwenzako. Kila mmoja ana dakika tatu za mchezo mzima, na zikikuishia umeshindwa hata kama una malkia wawili.

Siku ya kwanza saa kumi na moja jioni nilikaa nyuma ya duka nikiwa na huruma naye. Nilipanga nimfunge taratibu, nisimwaibishe. Mchezo wa kwanza nilikuwa mbele kwa malkia mzima nilipoona saa yangu imefika sifuri. Nikasema hiyo ni bahati. Wa pili sifuri. Wa tatu alinasa mfalme wangu katikati ya ubao nikiwa bado nafikiria kumficha. Baada ya mchezo wa tano niliirusha simu juu ya magunia. Ndipo ujumbe ukaingia kwenye kile kisanduku cha mchezo, neno la kwanza ambalo mama mkwe wangu aliwahi kuniambia mwenyewe katika maisha yangu: "Umelala?"

Nilikasirika, sitaficha. Kisha nikacheka peke yangu hadi mteja aliyekuwa anangoja dawa ya kupe akachungulia kuona kama niko salama.

Tukaendelea hivyo kila jioni. Nilianza kumsoma, maana humfungi mtu usiyemjua. Kwanza, hakupoteza muda mwanzoni. Awe na weupe au weusi, alipanga nyumba yake vile vile: anasukuma askari wa mbele ya farasi hatua moja, askofu anakaa hapo kwenye pengo, farasi anatoka, mfalme anafichwa. Mimi nikiwa nimeshatumia sekunde thelathini nikijiuliza leo nifungue vipi, yeye ametumia nne. Pili, hakutafuta hatua iliyo bora. Alitafuta hatua ya kunifanya nifikirie. Angemweka farasi mahali pasipo na maana, mimi nikaanza kuitafuta maana, na saa yangu inaliwa. Tatu, alifikiri wakati wangu. Nikigusa tu kipande, jibu lake liko pale, kwa sababu lilikuwa tayari. Na akiwa anashindwa hakuhangaika hata kidogo. Alikoroga mambo, akamtishia mfalme wangu kutoka huku na kule, mradi tu vidole vyangu visitulie.

Mke wangu alipompigia simu kumwambia nimeanza kukosa usingizi, mama alinitumia mafundisho. Nilikuwa nimeketi pale pale, simu iko kwenye spika, lakini bado yalipitia kwa binti yake. "Mwambie mume wako anacheza kama mtu anayenunua ng'ombe mmoja tu maisha yake yote. Anamzunguka, anamfungua mdomo, anaenda nyumbani kufikiri. Mimi sokoni nanunua mbuzi arobaini kabla ya saa nne. Unamshika mgongo, unajua, unaenda kwa mwingine. Atakuwemo mbaya mmoja au wawili. Si kitu."

Hapo ndipo mke wangu alipopata nafasi yake. Akamuuliza mama, basi nikijifunza na kukufunga, utakuja kukaa mezani kwetu? Nikasikia kicheko kirefu. Akasema siku nitakayomfunga atakuja, atakaa kwenye kiti, atakula akitazamana nami, na nthoni yetu itakuwa imekwisha siku hiyo. Alisema hivyo kwa raha, kama mtu anayejua hatatoka nyumbani.

Tangu siku hiyo sikuwa nacheza kwa ajili yangu. Mke wangu alinipikia uji, akaniondolea watoto, akaninunulia bando. Nilianza kuitazama michezo niliyopoteza, nikagundua jambo lililonitia aibu. Sikuwa nafungwa kwa makosa makubwa. Karibu kila mchezo kulikuwa na hatua moja niliyoikalia sekunde arobaini nzima, nikichagua kati ya mambo mawili mazuri, na mashine ya mtandaoni ikanionyesha yote mawili yalikuwa sawa tu. Sekunde arobaini kuchagua kati ya sawa na sawa! Nikajiwekea sheria, mkono ukienda kwanza mahali, na pakiwa si pabaya, ni hapo hapo. Nikachagua namna moja ya kufungua na kuikariri kama sala. Nikaacha mafumbo magumu ya kunoa akili, nikafanya yale mepesi, mengi, upesi upesi, hadi macho yakawa yanaona farasi anayetega ngome na malkia kwa pamoja kabla sijafikiria neno farasi. Na nikifungwa mara mbili mfululizo nilifunga simu, kwa maana mchezo wa tatu wa mtu mwenye hasira si mchezo. Dukani sikubadilika, nawaomba wateja wangu wasiogope. Karatasi ya dawa bado naisoma mara mbili.

Nikaanza kumkaribia. Jioni moja alikuwa na sekunde mbili, mimi nina nane, na ghafla simu ikaandika nimeshinda. Nilipiga kelele, mke wangu akaja mbio na unga mikononi. Tukampigia. Mama alisikiliza, akasema bando lake limeisha, kwa hiyo mkwe aambiwe amefunga bando, hajamfunga yeye. Mke wangu alikaa chini kwenye gunia akacheka hadi machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Kisha wacheza chess wa Makueni wakaamua kuwaalika wa Kitui, kumi kwa kumi, nami nikiwamo, katika ukumbi wa kanisa moja hapa Emali. Kila mtu wa huku angecheza na kila mtu wa kule, dakika tatu, kwenye ubao wa kweli na saa ya kweli ya kubonyeza. Orodha ya Kitui ilipokuja, jina la mwisho lilikuwa la mama mkwe wangu. Asubuhi ya Jumamosi ya mashindano mke wangu alichinja jogoo, akainjika sufuria kubwa ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akapanga viti vitano mezani petu. Sisi nyumbani tuko wanne.

Mwamuzi alikuwa bwana mmoja kutoka Nairobi, mwenye filimbi shingoni ingawa chess haina filimbi. Alitangaza mambo mawili: wachezaji washikane mikono kabla ya kuanza, na mtu akigusa saa ya mwenzake amepoteza mchezo papo hapo, hakuna maelezo.

Mama alifungwa mchezo wa kwanza na dereva wa boda asiyejua hata kumficha mfalme. Wa pili alifungwa na mwanafunzi wa chuo. Watu wa Kitui wakashangaa, na mimi nikashangaa kuliko wao, mpaka nilipotazama kwa makini. Kwenye simu, ukisogeza kipande saa yako inasimama yenyewe. Kwenye meza lazima ubonyeze. Mama alikuwa anasogeza, anakunja mikono kwa adabu, anangoja, na dakika zake zinakwenda huku mpinzani amekaa kimya kama mtu anayesikiliza mahubiri. Alielezwa, akaelewa, akaanza kushinda. Ila akizama kwenye mchezo, kidole kinasahau.

Ilipofika zamu yetu, mwenzangu mmoja aliniinamia sikioni. Akasema nisijisumbue, nikae kimya tu, saa itamfunga yenyewe. Nilimtazama mke wangu aliyeketi nyuma ya ukumbi. Alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili.

Mama aliketi upande, bega likinielekea, kitambaa cha kichwa kimeshuka usoni. Mwamuzi akatuambia tushikane mikono. Hakuna aliyesogea. Akarudia kwa sauti. Mimi niliinamisha kichwa, mama akagusa ukingo wa meza kwa kiganja chake, na Wakamba wote mle ndani wakaanza kucheka, wa Kitui na wa Makueni. Mtu akamweleza yule bwana. Akashika kichwa, akasema tuanze.

Sijawahi kucheza vizuri vile. Sikuwa na uso wa kutazama, nilikuwa naona mikono yake tu, mikavu, yenye kovu la kamba kwenye kidole gumba, na ilikwenda upesi. Nami nikaenda upesi. Askari, farasi, ngome, hakuna kuzunguka ng'ombe. Watu wakaanza kusimama kutuzunguka. Nilikuwa na furaha niliyoisahau tangu utoto, ile ya kukimbia na mtu mwenye mbio kuliko wewe na kuona bado hajakuacha.

Katikati ya mchezo akasogeza askofu na kusahau saa. Ningesema nini? Nisingeweza kumwita. Nikakohoa. Akashtuka, akabonyeza. Akasahau tena, nikakohoa tena, na safari hii nikamsikia akimwambia mke wangu kwa mbali kwamba mume wake ana kifua, atafutiwe asali. Ukumbi ukacheka, na saa yake inakwenda.

Kisha akanipiga vibaya. Farasi wake aliingia karibu na mfalme wangu, malkia wake akasimama nyuma yake, nikaona wazi kwamba hatua mbili zijazo nimekwisha. Mama akakunja mikono. Saa yake haikubonyezwa. Sekunde kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili. Yule mwenzangu alinikanyaga mguu. Kuna kiti cha tano nyumbani na jogoo kwenye sufuria, na kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza sekunde kumi na mbili tu. Nikakohoa. Hakusikia. Nikakohoa kama mtu anayekufa. Tisa. Nane. Mwenye mama mkwe wa Kikamba atanielewa. Ukimwona mama amebeba mtungi, mkono wako unaondoka kabla hujauamuru, humwachi abebe ukiwa umekaa. Mkono wangu ukavuka meza, ukambonyezea saa yake.

Filimbi ikalia. Ikawa na kazi hatimaye. Mwamuzi akasema Makueni amegusa saa ya mwenzake, mchezo ni wa Kitui. Wenzangu wakapiga kelele za hasira, wengine wakaniita mjinga, na hawakukosea. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu tu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama hakuinuka. Aliuliza kwa utulivu kilichotokea ni nini, akaelezwa kwamba ameshinda kwa sababu mkwe wake amembonyezea saa. Alifikiri kwa muda wa kumshika mbuzi mgongo, si zaidi.

"Hapana," akamwambia mwamuzi. "Mimi nilikuwa nimeshaacha mchezo. Unadhani kwa nini sikubonyeza? Nilikuwa nimeshindwa. Alipogusa hiyo saa mchezo ulikuwa umekwisha. Andika huyu amenifunga."

Yule bwana akautazama ubao, ambao hata mtoto angeona nani anakufa. Akasema, lakini mama, hatua mbili unamnasa. Mama akamuuliza kama yeye mwamuzi ndiye anayejua kilichoko moyoni mwa mchezaji. Watu wa Kitui, badala ya kuutetea ushindi wao, wakaanza kumzomea mwamuzi aandike. Wetu nao wakazomea aandike. Akawa amezungukwa na kaunti mbili, hajui sheria gani inasema mtu akikataa kushinda afanyweje. Akaandika.

Tulitembea kwenda nyumbani watatu, mama na mke wangu mbele, mimi nyuma nimebeba mkoba wa mama. Watoto walikuwa wameshanawa. Mama alisimama mlangoni pa sebule muda mrefu kidogo, akavua viatu, akaingia, akavuta kiti cha tano yeye mwenyewe. Mke wangu alipakua kwa haraka, muthokoi ikamwagika mezani na hakuna aliyejali. Alimuuliza mama, kwa sauti ndogo, kama kweli alikuwa ameacha mchezo. Mama akajibu kwamba anayecheza dakika tatu hana nafasi ya kukumbuka alikuwa anafikiria nini.

Nilikula nikitazama sahani yangu. Mazoea ya miaka kumi na mitatu hayaondoki kwa sahani moja. Kisha nikasikia sauti, na mke wangu hakugeuka kuileta kwangu, kwa kuwa haikuwa imepita kwake.

"Nisogezee hiyo chumvi," mama alisema.

Nikainua kichwa kumpa. Alikuwa ananitazama, kitambaa kimerudi nyuma, na macho yale niliyajua. Ni macho ya mke wangu, hayo hayo, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.